Walisifu nini kwenye kile kioo cha kijani?

SWALI: Shikamoo mzee wa gemu. Nimenunua Game Boy ya zamani, ile mashine ya gemu ya mkononi ya Nintendo, nene ya kijivu, kwa mtu aliyekuwa anahama Shangani. Ndani mna kaseti ya Tetris. Mdogo wangu kaicheka: haina rangi, haina hadithi, vipande vinadondoka tu. Mbona wachambuzi wa mwaka 1989 waliimwagia sifa? Au wazee mnakumbuka utoto wenu tu?
Msomaji, Mikindani, Mtwara

JIBU: Marahaba. Utoto wangu wa Lindi haukuwa na Game Boy, hapo umenisingizia.

Kioo cha mashine hiyo kina nukta 160 kwa 144 na vivuli vinne tu. Picha ikikimbia inaacha mkia, na gemu nyingi za kurukaruka ziliumia hapo. Tetris mandhari yake imetulia, kinachoshuka ni kipande kimoja, na maumbo yamejazwa michoro tofauti ili uyatambue bila rangi. Alexey Pajitnov alianza kuibuni Moscow mwaka 1984 kwenye kompyuta isiyoweza kuchora picha, akayaunda maumbo kwa alama za maandishi. Kwa hiyo kioo kidogo hakikuipunguzia kitu. Henk Rogers, mfanyabiashara wa gemu, aliliona hilo mapema, akawashawishi Nintendo wa Marekani waiuze pamoja na mashine badala ya gemu ya Mario: Mario atawavuta wavulana, Tetris itamvuta kila mtu. Zimeuzwa nakala zaidi ya milioni 30, sasa nani ambishie?

Utamu wenyewe mwonyeshe mdogo wako kwenye pointi. Ngazi ya mwanzo kabisa, ukijaza mstari mmoja bila pengo unafutika, unapata 40. Ukifuta minne kwa mpigo, 1,200. Basi unajenga ukuta, unaacha upenyo pembeni, unasubiri kile kijiti kirefu. Hakiji. Ukuta unapanda, vipande vinaongeza kasi, na wewe bado unakisubiri kwa tamaa yako mwenyewe. Hadithi gani tena anaitaka huyo?

Kasoro zipo, na mimi sizifumbii macho. Ukizima mashine, rekodi yako imekwenda na maji. Kucheza wawili kunataka mashine mbili, kaseti mbili na waya wake. Halafu kioo hakina taa: barazani mchana utafurahi, ila umeme ukikatika usiku hapo Mikindani, weka pembeni ukalale.

Kabla ya kumkabidhi, fungua mfuniko wa nyuma zinapokaa betri nne. Ukikuta ungaunga mweupe au wa kijani kwenye vyuma, betri za zamani zilivuja. Toa betri, chovya pamba kwenye siki kidogo, sugua taratibu, kausha vizuri ndipo uweke mpya. Siki isidondokee ndani.