Usaili saa tatu Mikocheni na wewe unakaa Gongo la Mboto? Soma hapa kwanza

Juzi usiku kijana mmoja anayenifuatilia aliniandikia: "Shikamoo dada. Nimeitwa usaili Mikocheni Alhamisi saa tatu asubuhi. Nakaa Gongo la Mboto. Nikitoka saa kumi na mbili si nitawahi?"

Marahaba mdogo wangu. Hutawahi. Swali hilohilo nilijiuliza mwenyewe mwezi wa tatu mwaka 2018, nikajijibu kwamba nitawahi, na mpaka leo sijalisahau.

Nilikuwa nakaa Ukonga, kituo cha Mombasa, kwa shangazi. Chuo nimemaliza, kazi hakuna, na ile ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuitwa mahali. Shangazi alininyooshea shati tangu jana yake. Vyeti nikaviweka kwenye bahasha ya kaki. Hesabu yangu: saa mbili za njia, saa moja ya akiba.

Sasa kumbukeni Dar ya mwaka ule. Tazara daraja la juu bado linajengwa, Ubungo nako wamechimba. Usiku mvua imenyesha. Saa kumi na mbili nipo kituoni na gari zinapita zimejaa tangu Gongo la Mboto, konda kaning'inia mlangoni anapunga mkono tu. Ya sita ndiyo niliidandia. Mguu mmoja ndani, wa pili juu ya kiatu cha mtu, bahasha nimeibana kwapani. "Sogeeni nyuma, nyuma kweupe!" Kweupe wapi? Nilisimama shingo imepinda mpaka Buguruni.

Tazara siisimulii, tulikaa tu. Tulipofika Ubungo ilikuwa saa tatu kasoro dakika kumi, na gari imeandikwa Mwenge. Konda akagonga bati: "Mwisho hapa, tunageuza!" Watu walilalamika, mama mmoja akadai nauli yake, ikaishia hapohapo. Nilivuka tope na viatu vya usaili. Nikapanda nyingine mpaka Mwenge, kisha bodaboda.

Nilifika saa nne kasoro dakika ishirini. Dada wa mapokezi aliitazama bahasha yangu, jasho limeshaiingia na kona imechanika, akaniambia taratibu, "Dada, orodha imeshafungwa." Nikamwomba niingie hata wa mwisho. Akaniambia, "Wenzako wanaotoka mbali waliwahi." Ofisi hiyo siitaji jina. Lakini maneno yale yaliniuma kuliko kuikosa kazi yenyewe, kwa sababu yalikuwa kweli. Nilirudi Ukonga saa nane mchana. Shangazi hakuniuliza kitu, alinipakulia chakula.

Tangu siku ile niliapa kwamba gari haitaniamulia tena maisha. Nina mwaka wa tano sasa nafanya kazi Posta, bado nakaa upande uleule, na sijachelewa hata siku moja. Nalisema hili kwa fahari kabisa, nimelitolea jasho.

La kwanza, geuza na gari. Wa Dar mnanielewa. Gari zinazotoka mjini alfajiri zinarudi Gongo la Mboto zikiwa tupu. Panda hapo Mombasa kama mtu anayerudi nyuma, kaa dirishani, gari ikifika mwisho hushuki, unaondoka nayo. Utalipa nauli mara mbili. Lipa! Unanunua kiti, shati lililonyooka na akili iliyotulia. Mimi nilikuwa naona ni ubadhirifu, nikaokoa shilingi mia nne nikapoteza mshahara.

La pili, toka mapema. Simaanishi saa kumi na mbili. Saa kumi na moja uwe umeshakaa kwenye kiti. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu, na asubuhi wengi tunaelekea kulekule Posta na Kariakoo kwa barabara chache: Nyerere, Kilwa, Morogoro na Bagamoyo. Mandela na mwendelezo wake, Sam Nujoma, ndizo zinaziunganisha, na malori ya bandarini yamo humohumo. Tokeni mapema, ndugu zangu.

La tatu, uwe na njia ya pili kichwani. Mandela ikifunga, shika Nyerere mpaka Kariakoo, panda basi la mwendokasi Gerezani kwenda Morocco, halafu Mikocheni ni pua na mdomo, hata bajaji inakufikisha. Mwendokasi ina njia yake tangu ilipoanza mwaka 2016, foleni ya Magomeni utaitazama kwa dirishani. Ila mvua ikinyesha usiku kucha usiende huko: mto Msimbazi ukijaa, Jangwani inakopita mwendokasi panafungwa. Siku hiyo rudi kwenye Mandela na utoke mapema zaidi.

Na konda msimlaumu sana. Anadaiwa hesabu ya tajiri jioni, akiona mbele kumefunga anageuza apate vichwa vingine. Muulize kabla hujapanda: "Inafika Mwenge au inaishia Ubungo?" Mwulize mbele ya watu, atasema ukweli.

Vijana wengi mnaniandikia kuhusu barua za maombi, namna ya kujieleza, tai ya rangi gani. Ni wachache wanaoniuliza watafikaje. Unasoma miaka mitatu, halafu asubuhi moja ya maana unamkabidhi konda usiyemjua! Jiheshimuni. Amkeni.

Huyu mdogo wangu amenijibu kwamba alfajiri huwa hasikii kengele ya simu. Nimemwambia aiweke sauti juu. Alhamisi saa kumi kamili nitampigia mwenyewe, na sitakata mpaka anisikilizishe maji yanavyomwagika bafuni.