Mapigo kushuka baada ya kuanza mbio

Dada uliyeuliza kwa nini mapigo yako ya asubuhi yameshuka toka 74 hadi 58 tangu uanze kukimbia hapa Moshi, pole na hofu, ila kama unajisikia vizuri huo moyo haujachoka, umekomaa. Iko hivi, moyo ukiachwa bila neva yoyote unapiga kama 100 kwa dakika, sasa kuna neva inaitwa vagasi inaushikia breki muda wote ukiwa umetulia, ukianza tu kukimbia breki inaachiwa ndani ya sekunde chache halafu ndo neva za upande wa pili, zile za kuharakisha moyo, zinakanyaga mafuta na adrenalini inamwagika. Ukizoea mazoezi moyo unasukuma damu nyingi kwa pigo moja, hauna haja ya haraka.

Jaribu hivi, ukipandisha barabara ya Kibosho simama, vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba, hesabu sekunde 15 zidisha kwa 4, rudia baada ya dakika moja uone yanavyoshuka. Mi huko kushuka kwa dakika moja ndo kipimo ninachokiamini sana. Ila ukisikia kizunguzungu au ukizimia usingoje, nenda ukapime umeme wa moyo.