Milima ya noti ya yuan 20: wasomaji wanauliza, Yaya anajibu

Mwezi huu barua zimelemea upande mmoja: watu wanaenda China kwa mzigo ao kwa masomo na wanataka kuona kitu kingine mbali na madepo. Tumechagua barua nne, ya kwanza tumeijibu kwa urefu sababu wengi wenu muko katika hali ile ile.

Yaya jambo. Miye njo mama wa soko, nauzisha viatu na nguo za watoto, ninaendaka Guangzhou mwezi wa sita na mwezi wa kumi na moja. Kila mara ni mitaa ya Xiaobei na Sanyuanli, depo, hoteli, kulala, kurudia. Kuko siku tano ao sita nangojaka usine imalize komande yangu, nabaki tu kuangalia telefone, na humo naona ile mito yenye milima inasimama kama meno pembeni ya maji. Ajanse moja imeniomba dola 600 kwa siku 4. Mwanamke peke yake anaweza kwenda mwenyewe bila kumaliza feza ya mzigo? (Mama wa viatu, komini ya Kenya, Lubumbashi)

Mama, dola 600 kwa siku 4 ni wizi wenye risiti. Kamata noti ya yuan 20, ile unayolipia chakula kila siku, geuza upande usio na picha ya Mao, utaona mto na milima: ile njo Mto Li pale Xingping, katika jimbo la Guangxi, na kutoka Guangzhou ni treni ya kasi ya saa mbili mpaka tatu hivi. Usiifikirie treni yetu ya Kamina hata kidogo, hii inaondoka kwa dakika iliyoandikwa, ukichelewa inakuacha na mageti yanafungwa mapema.

Kwanza mambo ya franga sababu njo yanakusumbua. Safari hii ifanye wakati usine inashona, si baada ya mzigo kumalizika. Umeshatoa avansi yako (wengi wanaombwa asilimia 30), salio utatoa ukishaona mali, basi ile feza ya salio iwe imetengwa pembeni kabisa, isiingie katika mkoba wa matembezi hata kwa mkopo wa siku moja. Na urudi Guangzhou angalau siku mbili mbele ya kukagua mali, maana ukimwambia bosi wa usine uko mtoni atafunga makartoni bila wewe na hapo utalia na viatu vya mguu mmoja.

Njia ni hii: pale Sanyuanli panda metro mstari wa 2, inakufikisha Guangzhou Nan, kituo cha treni ya kasi, bila kubadilisha. Tikiti unanunua kwa programu ya 12306 ya reli ao kwenye dirisha, na unanunua kwa pasipoti yako mwenyewe, ile ya kweli si fotokopi, na pasipoti hiyo hiyo njo inakufungulia njia kwenye kituo. Kwa hiyo kama umezoea kumwachia mtu pasipoti akufanyie karatasi, mwambie akurudishie. Sheria ya kule pia inataka mgeni atembee nayo. Na kisu cha kumenya matunda kiache hotelini, mizigo yote inapita kwenye mashine.

Angalia jina la kituo unapokata tikiti! Guilin mji mkubwa una vituo kadhaa, na kuko kingine kinaitwa Yangshuo, lakini kile cha Yangshuo hakiko Yangshuo mjini, kimejengwa upande wa Xingping. Watu wanashuka wanatafuta mji hawauoni wanaanza kugombana na mataxi. Wewe ifanye iwe faida yako: shuka pale, panda basi dogo la Xingping, lala Xingping usiku wa kwanza. Ni mji mdogo wa zamani wenye barabara ya mawe, na mahali pa ile picha ya noti unafika kwa miguu ukifuata mto. Utakuta watu wamepanga foleni na noti zao mkononi wanapiga foto, wewe pia piga, hakuna haya. Ule mzee mwenye ndege weusi wa kuvua samaki juu ya chelezo siku hizi mara nyingi anavulia makamera, ukimpiga picha atakuomba feza, mukubaliane mbele.

Ile milima ni mawe ya chokaa, ndugu ya yale wanachimba Kakontwe karibu na Likasi, ila kule mvua imeyala kwa mamilioni ya miaka mpaka ikaacha vilele peke yake. UNESCO iliandika mawe ya chokaa ya kusini mwa China katika urithi wa dunia mwaka 2007, Guilin ikaongezwa 2014.

Usiku wa pili nenda Yangshuo mjini, lakini usilale Xijie, ile barabara ya mabaa, muziki hauishi na bei imepanda bure. Lala nje, upande wa Mto Yulong, huko mashambani. Kodi baiskeli, ni yuan 20 ao 30 kwa siku, ufuate mto ule kati ya mashamba na vijiji na mabustani ya machungwa mpaka daraja la mawe la zama za Ming, wafalme wa zamani wa China, na kama magoti yanakataa kuko za umeme. Kwa maneno yangu mimi siku hii inashinda ile mashua kubwa ya watalii inayoshuka kutoka Guilin saa nne nzima kwa yuan zaidi ya 200, watu wamebanana, spika inapiga kelele. Vyelezo viko vya aina mbili: vya Mto Li, kati ya Yangdi na Xingping, wanaviita vya mianzi lakini ni mabomba ya plastiki yenye motere, na vya Yulong ni mianzi ya kweli, mtu anasukuma kwa mti mrefu, kimya. Cha Yulong kinabeba abiria wawili na mara nyingi wanauza kwa chelezo zima, kwa hiyo ukiwa peke yako tafuta mwenzako kwenye foleni mugawane.

Kula: mifen ya Guilin, tambi za mchele, bakuli yuan 8 mpaka 15 na unashiba mpaka mchana. Pilipili ya Guilin ina sifa China nzima, wewe mtu wa Katanga utabeba chupa nyumbani. Samaki wa bia wa Yangshuo ni mtamu ila njo mahali wageni wanakamatwa: bei iliyoandikwa ni ya jin moja, yaani nusu kilo, na samaki ana kilo mbili. Uliza samaki mzima atafika ngapi kabla hawajamtoa kwenye beseni.

Sasa piga hesabu. Treni kwenda na kurudi yuan 300 na kitu, chumba safi cha mtu mmoja yuan 120 mpaka 200 usiku (kitanda katika chumba cha watu wengi hata 50), chakula 70 kwa siku, chelezo, baiskeli, mabasi. Siku 4 usiku 3 unaangukia karibu yuan 1,200, na dola ikiwa karibu yuan 7 hiyo ni kama dola 170. Zile 430 zingine ajanse ingekulia.

Mwezi gani? Kumi na moja, bila kufikiria. Kumekauka, hewa nzuri, unaendesha baiskeli bila kutota jasho. Mwezi wa sita ni mvua kubwa, mto unajaa na vyelezo vinasimamishwa hata siku kadhaa, utakaa hotelini kama kule Guangzhou. Ila kama ni Juni tu unaweza, basi panda Longji, milima ya mashamba ya mpunga kule Longsheng, saa mbili ao zaidi kwa basi kutoka Guilin, wakati ule mashamba yana maji yanang'aa ngazi kwa ngazi, na mvua kule haiharibu sana. Kijiji cha Ping'an ni cha Wazhuang, Dazhai cha Wayao, Dazhai ni kupanda zaidi lakini kimya zaidi. Kuingia ni yuan 80.

Peke yako kama mwanamke? Usiku kwenye barabara za pale hofu ni ndogo kuliko hapa kwetu, ninakuambia kweli. Kitakachokusumbua ni lugha, basi weka programu ya kutafsiri inayofanya kazi bila intaneti, na ramani ya Amap, sababu Google na WhatsApp hazifunguki na simkadi ya kule. Alipay, ile programu ya kulipa kwa telefone, unaijua tayari, tangu 2023 inakubali Visa na Mastercard za nje, hata mama wa machungwa pembeni ya barabara ana ile QR yake. Bado beba noti ndogo ndogo.

Na viza: yako ya biashara inakuruhusu kutembea Guangxi, hakuna karatasi ingine. Ila ikiwa ni ya kuingia mara moja usidanganyike na matembezi ya Hong Kong ao Macau, ukivuka pale umeshatoka China, kurudi kwa mzigo wako itaomba viza mpya.

Yaya, nimepata bursa ya kusoma Wuhan, naanza mwezi wa tisa. Wenzangu wanasema tarehe 1 Oktoba kuko likizo ya wiki nzima, nataka nishuke Guilin na Fenghuang na franga kidogo. Nafanya je? (Leki wa Bel-Air)

Leki, unangoja. Wiki ile ya Oktoba China nzima iko njiani, tikiti zinaisha dakika zinapofunguliwa siku 15 mbele, vitanda vinapanda mara mbili mara tatu, na kwenye mto utaona migongo ya watu. Halafu kuko jambo wenzako hawajakuambia: ukiingia na viza ya X1, ile ya masomo marefu, una siku 30 za kuomba kibali cha kukaa, na wakati wa kukitengeneza pasipoti inabaki kwa polisi siku kadhaa, bila pasipoti mkononi treni na hoteli zitakusumbua. Maliza karatasi kwanza.

Nenda mwisho wa Oktoba ao Novemba, wikendi unayounganisha na siku isiyo na kozi. Fenghuang iko Hunan, nyumba za mbao zinasimama juu ya miguu yake ndani ya Mto Tuo, tangu mwisho wa 2021 treni ya kasi inafika. Ni pazuri ila usiku ni mataa na makelele, mimi ningelala usiku mmoja tu. Beba karta yako ya mwanafunzi, mahali pengi wanakata nusu ya bei ya kuingia. Na kama muda unao kuliko feza, panda treni za zamani zenye herufi K, kitanda kigumu, unalala usiku unafika asubuhi, umeokoa na hoteli.

Mimi swali langu ni moja: mtu mweusi kijijini kule wanamtazamaje? Tuliona ya 2020. (Papa wa Kampemba)

Papa, ya Aprili 2020 ilitokea, Waafrika wengi Guangzhou walitolewa kwenye manyumba na mahoteli wakati wa korona, na sisi hatutafanya kama haikuwa. Ndugu zetu wengine hawajarudi tangu pale, ninawaelewa.

Kijijini utatazamwa, sana. Watakupiga picha kwa kuiba, wengine wataomba kwa adabu mupige pamoja, mtoto atataka kugusa nywele. Uko huru kukataa, tikisa mkono tu, wanaelewa. Kuhusu nyumba ndogo za wageni: zingine zinakataa kila pasipoti ya nje, ya Mfaransa pia, sababu mwenyewe hajui kumwandikisha mgeni kwa polisi, kitu ambacho ni lazima. Kabla ya kulipa mwandikie kwa programu, uliza kama anapokea pasipoti ya Kongo, jibu lake ulipige picha. Akikukataa mlangoni na jibu lile unalo mkononi, dai feza yako pale pale. Na ukilala kwa rafiki badala ya hoteli, kujiandikisha polisi ni kazi yenu ndani ya saa 24.

Yaya munatangaza tu China! Kyubo iko hapa kwetu, maji yanaanguka vizuri, nani anaenda? (Msomaji wa Katuba, amekasirika)

Una haki, lakini Mama wa viatu yuko Guangzhou tayari, ndege imeshalipwa na mzigo. Wewe uko hapa, basi Kyubo ni yako: nenda kiangazi, kati ya Juni na Septemba, wakati barabara imekauka, tafuta jeep ya watu watano mugawane mafuta, mubebe unga na makala yenu ya kupikia, na ukirudi tuandikie bei zote, tutazitoa hapa.