Wasomaji Wanauliza: Manjano yaliyogeuka mekundu, na maswali mengine ya kipindi cha sanaa

Barua za mwezi huu nyingi zimetoka kwa walimu wa shule za msingi, nyingine kwa wazazi. Tumechukua sita.

Nafundisha Darasa la Tatu, wanafunzi 78, na shule haina hata kopo moja la rangi. Nilipika uji wa unga wa muhogo nikachanganya na manjano ya kupikia. Mara ya kwanza rangi ilipukutika kama vumbi. Mara ya pili niliongeza sabuni ya unga ili iwe rahisi kutoka kwenye sare, manjano yote yakawa mekundu kama tofali. Nakosea wapi?
*Mwalimu, Tanga*

Mwalimu, hayo ni makosa mawili tofauti. Rangi yoyote ina unga wenye rangi na gundi ya kuushikilia kwenye karatasi. Ile iliyopukutika ilikosa gundi ya kutosha. Ya pili iliharibiwa na sabuni, kwa sababu manjano yakikutana na chochote chenye asili ya magadi, iwe sabuni, majivu au chokaa, hugeuka mekundu. Kamulia ndimu utaona unjano unarudi. (Lihifadhi tukio hilo kwa kipindi cha sayansi, watoto watalipenda.)

Uji upike hivi. Vijiko 6 vya chakula vya unga wa muhogo, uvuruge kwenye kikombe 1 cha maji baridi mpaka madonge yaishe. Chemsha vikombe 3 vya maji, mimina mchanganyiko wako huku unakoroga, kisha punguza moto na uendelee kukoroga dakika 3 hivi. Weupe ukipotea na uji ukaanza kung'aa, umeiva. Ukiuepua mapema, unga mbichi hubaki chini na haushiki kitu. Uache upoe. Kwa darasa lako pika kipimo kimoja na nusu.

Sasa unga wa rangi. Udongo mwekundu mkavu, twanga na uchekeche kwa kitambaa chepesi cha mtandio. Chekecheo la jikoni lina matundu makubwa, litaacha mchanga unaochubua karatasi. Mkaa twanga vivyo hivyo upate nyeusi. Chaki nyeupe iliyosagwa hutoa nyeupe, ila waambie watoto mapema kwamba ikiwa mbichi haionekani vizuri, weupe huja ikikauka. Vinginevyo watapaka mara tano. Njano ni hayo manjano yako, bila sabuni. Anza na kijiko 1 cha unga kwa vijiko 3 vya uji, paka kwenye kipande cha karatasi, kikauke, usugue kwa kidole. Ukitoka vumbi, ongeza uji. Ikipasuka na kubanduka magamba, uji umezidi au umepaka nene mno.

Bluu ya unga ya kufulia nguo inafaa peke yake. Kijani ndicho kitakachokusumbua: bluu hiyo mara nyingi imechanganywa na magadi, kwa hiyo ukiitia kwenye manjano unarudi kulekule kwenye tofali. Majani ya kusaga nayo hugeuka kahawia baada ya siku chache. Ukihitaji kijani, nunua rangi ya chakula, au fundisha kipindi kizima bila kijani, wala si dhambi. Chokaa usiiguse kabisa kwa ajili ya weupe, inaunguza macho na ngozi.

Kuhusu ugawaji, panga makundi 13 ya watoto 6. Trei ya mayai 30 ukiikata inatoa vipande 5 vyenye vishimo 6, kwa hiyo trei 3 zinatosha na vipande 2 vinabaki. Tia vijiko 2 vya kila rangi kwenye kishimo chake. Karatasi ya trei hunyonya lakini inahimili kipindi cha dakika 40. Brashi ni mswaki wa mti uliotafunwa ncha, au nyuzi za katani zilizofungwa kwenye kijiti kwa uzi. Kila rangi iwe na brashi yake isiyohama. Brashi zikihama, dakika ya kumi makundi yote yatakuwa na rangi moja, ya matope. Uji uliobaki huchacha kesho kutwa. Matone 2 ya mafuta ya karafuu kwa lita huchelewesha ukungu.

Nikiwaambia wachore wanachotaka, karatasi 50 zinarudi na picha moja: nyumba ya pembetatu juu ya mraba, milima miwili, jua katikati, mti kama pipi ya kijiti. Nikiwachorea kitu kingine ubaoni, wananakili hicho. Nifanyeje?
*Mwalimu wa Darasa la Nne, Mwanza*

Futa ubao, Mwalimu. Mtoto anayenakili ubaoni anafuata mkono wako, hicho kitu chenyewe hajakiona. Na "chora unachotaka" ni agizo gumu kuliko linavyosikika: asiye na kitu mbele yake hutoa alichokariri, na ile nyumba na milima miwili alikariri tangu chekechea.

Wape kitu cha kutazama. Sisi tunapendekeza kandambili, maana haihitaji bajeti, na kila mtoto anadhani anaijua.

Kwanza wachore kandambili kwa kukumbuka tu, dakika 5, upande wa nyuma wa karatasi. Kisha mmoja katika kila jozi ya watoto aweke yake mezani, ncha ya vidole ikiwaelekea wao. Msishike penseli bado. Uliza: ina matundu mangapi? Matatu. Tundu la mbele liko wapi? Hapo darasa litachangamka, kwa sababu karibu wote wamelichora katikati, nalo halipo katikati. Limesogea upande wa kidole gumba, ndiyo maana ukiokota kandambili moja gizani unajua ni ya kulia au ya kushoto. Endelea: mkanda ni mpana wapi na mwembamba wapi? Kisigino kimelika upande gani? Alama za vidole zinaonekana? Unene wa soli unauona ukikaa wima, au mpaka uinamishe kichwa?

Maswali hayo yachukue dakika 10 nzima. Usiyaharakishe, ndiyo somo lenyewe. Baada ya hapo penseli: kidole cha mkono mmoja kinapita polepole ukingoni mwa kandambili, mkono wa pili unachora mwendo huohuo. Vifutio vyote viwe mezani kwako. Mstari ukikosewa, achore mwingine kando yake. Ule wa kwanza unamwonyesha alipopotoka.

Mambo matatu yatatokea. Wajanja watalaza kandambili juu ya karatasi na kuizungushia penseli. Iegemeze ukutani au kwenye begi, ujanja huo utakwisha. Wengine watachora kitu cha ukubwa wa punje kwenye kona. Hao waanze kwa nukta mbili, moja kisigino kitakapoishia, moja vidole vitakapoishia. Kandambili ya mtoto wa miaka 9 au 10 inaenea kwenye A4 kwa ukubwa wake halisi, kwa hiyo hakuna kisingizio. Na wapo watakaomaliza kwa dakika 3. Warudishe na swali moja tu: mkanda unaingiaje kwenye soli, na chini yake kuna nini?

Mwisho wageuze karatasi walinganishe pande mbili. Alama toa kwa ulichokiuliza: mahali pa matundu, upana wa mkanda, ukubwa kwenye karatasi. Ukitoa alama kwa "uzuri", wiki ijayo utaletewa nyumba na milima miwili, kwa kuwa wanajua hiyo huwa inasifiwa. Kipindi kinachofuata tumia jani la mpapai, kisha sufuria yenye masizi. Jirani wa dawati aje baadaye, uso ni mgumu.

Binti yangu ana miaka 5. Akichora mtu, ni kichwa kikubwa chenye miguu, na mikono inatoka masikioni. Tumbo hakuna. Nimsahihishe?
*Mama wa watoto wawili, Mombasa*

Hapana, mama. Watoto wengi wa miaka 3 hadi 5 huchora hivyo, sehemu nyingi duniani. Kiwiliwili huja chenyewe. Baadaye utaona mengine: mstari wa nchi chini ya karatasi, mbingu kama utepe juu na hewa tupu katikati, nyumba ambayo ukuta wake haumzuii mtu kuona vitanda ndani. Ukubwa nao una maana yake, bibi anaweza kuzidi nyumba kwa sababu bibi ndiye habari ya siku hiyo.

Usimchoree "mtu sahihi" pembeni. Atauacha wa kwake na kukuletea karatasi kila siku umchoree wewe. Mwambie, "Hebu nisimulie," na umpe karatasi kubwa na kalamu nene. Kama hashiki kalamu kabisa, au mkono mmoja hautumii, hilo ni jambo la kumwona daktari.

Tulifinyanga vyungu vidogo na Darasa la Tano. Vingine vilipasuka kabla ya moto, vingine vililipuka motoni. Udongo ni mbaya?
*Mwalimu, Morogoro*

Pengine si udongo. Upime kwanza: viringisha kamba nene kama penseli, uizungushe kwenye kidole. Ikikatika, udongo una mchanga mwingi. Ikipinda bila ufa ila ukikauka unasinyaa sana na kupasuka, ni laini mno. Changanya sehemu 1 ya vigae vilivyotwangwa kwa sehemu 5 za udongo.

Ufa unasema ulikotoka. Ukiwa kwenye mkono wa chungu au shingo, kiungo kilibandikwa tu. Pande zote mbili zichanjwe mistari, zipakwe uji wa udongo, kisha zikandamizwe; na mkono usiwe mkavu kuliko chungu. Ufa wa kwenye mdomo unatokana na kukausha juani au kwenye upepo, mdomo ukasinyaa kabla ya tako. Kausha kivulini, mdomo chini, juu ya gazeti, siku 7 au zaidi wakati wa masika.

Kulipuka mapema motoni ni maji. Chungu kinachoonekana kikavu huwa bado na unyevu, moto ukiugeuza mvuke haraka nao hauna pa kutokea, kinapasuka. Kiguse shavuni: kikiwa baridi kuliko hewa, bado. Ukuta usizidi sentimita 1, ndiyo maana kila mtoto apewe bonge la ukubwa wa limau, abonyeze katikati kwa kidole gumba na kuzungusha. Siku ya kuchoma, zungushia vyungu moto mdogo wa mbali kwa saa 2 ukivigeuza, ndipo ufunike kwa kuni na vifuu. Usivitoe mpaka majivu yapoe. Upepo ukikipiga chungu cha moto hukipasua dakika ya mwisho.

Vilivyopasuka kabla ya moto vinarudi kuwa udongo. Viache vikauke kabisa ndipo uviloweke. Udongo mkavu humomonyoka majini wenyewe, ulio nusu mbichi hubaki mabonge.

Nataka watoto wa Darasa la Sita wachore picha za mtindo wa tingatinga. Fundi amenipa rangi ya mafuta iliyobaki kwenye milango. Inafaa?
*Mwalimu Mkuu, Lindi*

Mrudishie, Mwalimu Mkuu. Ni kweli Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 na kufariki 1972, alitumia rangi ya mafuta ya kupaka baiskeli juu ya mbao za hadibodi, na mafundi wa mtindo huo bado wanaipenda kwa mng'ao wake. Lakini darasa la watoto 60 lenye tina (kiyeyusha rangi) na madirisha madogo litaumwa vichwa, makopo ya zamani yanaweza kuwa na madini ya risasi, na haitoki kwenye sare.

Mtindo wenyewe hauhitaji mafuta. Manila ya ukubwa wa A1 inatoa vipande 8 vya A4. Paka mandhari ya rangi moja au mbili zinazoingiliana, iache mpaka kesho. Hapo usiwe na haraka: rangi ya uji wa muhogo hulainika tena ikiloweshwa, kwa hiyo rangi ya juu iwe nzito na ipakwe mara moja bila kusugua. Mnyama awe mmoja, aguse kingo tatu za karatasi angalau. Madoa na nukta ziwe za mwisho, kwa ncha ya kijiti cha kusafishia masikio. Usiwape karatasi ya kufuatisha. Wape mnyama waliyemwona, hata kama ni kuku.

Doa la manjano kwenye shati jeupe la sare linatokaje?
*Mzazi, Zanzibar*

Suuza kwa maji baridi kwanza uji utoke. Fua kwa sabuni. Doa litageuka jekundu, usishtuke, umeshasoma sababu hapo juu. Suuza mpaka sabuni iishe yote, lirudi njano, kisha anika juani likiwa bichi. Jua huyafifisha manjano. Siku mbili tatu za kulowesha na kuanika kwa kawaida zinatosha.