Mhadhiri Mgeni Akija Idarani, Nihudhurie?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa kemia katika chuo kikuu kimoja hapa Dar es Salaam. Mara kwa mara idara yetu humwalika mtafiti kutoka nje kutoa mhadhara, nasi tunahimizwa kuhudhuria. Mihadhara hiyo haitahiniwi, na zikipita dakika kumi huwa sielewi tena kinachosemwa. Je, sipotezi muda wangu?

JIBU: Ndugu msomaji, hayo si yako peke yako. Hata wale walimu wanaoketi safu ya mbele, ikiwa uwanja wao si ule wa mgeni, aghalabu huachwa njiani muda si mrefu baada yako, ila wao wamekwisha kuzoea kutikisa kichwa kwa utulivu. Mada yenyewe utaisoma kwenye majarida. Usichokipata humo ni habari ya majaribio yaliyokataa na ya sababu za kubadili njia, kwa kuwa makala za kisayansi huandikwa kana kwamba kila kitu kilifaulu tangu siku ya kwanza.

Tuchukue artemisinini, dawa ya malaria itokanayo na mmea wa pakanga. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mtafiti wa dawa Tu Youyou na wenzake huko Beijing, China, walikuwa wakikamua mmea huo na kupata matokeo yanayoyumba: leo dawa inafanya kazi, kesho haifanyi. Tu aliporudia maandishi ya tiba ya karne ya 4, aliona kwamba yaliagiza mmea ulowekwe majini na kukamuliwa, pasipo kutaja kuuchemsha. Akashuku kwamba joto ndilo lililoharibu dawa, akatumia etha, kiyeyushi (kimiminika cha kutolea dawa kwenye mmea) ambacho huchemka kwenye nyuzijoto 35 hivi za Selsiasi, na mwaka 2015 akatunukiwa Nobeli ya Tiba. Mgeni wenu akizungumzia dawa za mimea, huhitaji kuelewa kila slaidi ili umuulize kwa nini alichagua kiyeyushi kile na si kingine. Swali hilo liko ndani ya uwezo wa mwaka wa pili, na jibu lake mara nyingi ndiyo sehemu tamu ya mhadhara wote.

Wala anayenufaika si msikilizaji tu. Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, kilianza mwaka 1926 utaratibu wa kumwalika mwanakemia mgeni, ambaye hukaa kwa muda na kutoa mfululizo wa mihadhara. Mwanakemia Mmarekani Linus Pauling alifika huko mwaka 1937, na kutokana na aliyoyahadhiri kikatoka, mwaka 1939, kitabu chake mashuhuri kuhusu namna atomu zinavyoungana.

Basi siku moja kabla ya mhadhara, soma ikisiri yake na utafute maana ya maneno matatu usiyoyajua, matatu yanatosha. Ukumbini, andika kwa mkono. Mwaka 1812 Michael Faraday, kijana wa miaka 20 aliyekuwa akijifunza kazi ya kujalidi vitabu mjini London, alihudhuria mihadhara minne ya mwanakemia Humphry Davy, akayaandika upya maelezo yake kwa unadhifu, akayajalidi na kumpelekea Davy mwenyewe. Machi 1813 aliajiriwa kuwa msaidizi wa maabara. Sikuahidi ajira, maana siku hizi wasaidizi wa maabara huomba kazi kwa vyeti, lakini daftari lenye maswali yako mwenyewe lina manufaa kuliko picha za slaidi zilizojazana kwenye simu.

Ukiona haya kuuliza mbele ya watu, subiri wakati wa chai. Mgeni huwa amesimama na kikombe mkononi akizungukwa na wakubwa wa idara. Msogelee, msalimu, jitambulishe kwamba uko mwaka wa pili, kisha umuulize ni jaribio gani lililomsumbua kuliko yote.