Gari jeusi na kitambaa kikavu

Usiku mmoja niliingia sheli kujaza mafuta. Gari lilikuwa limetoka kuoshwa jioni ile ile, linang'aa, na mimi nimeshuka najiona. Nikapita mbele ya bonneti, taa za sheli zimelala juu yake kama kwenye kioo, ndipo nikaona kitu ambacho mchana sikuwahi kukiona. Kila taa ilikuwa imezungukwa na mikwaruzo myembamba, mamia kwa mamia, imejipanga duara kama utando wa buibui. Nikalamba kidole nikasugua. Haitoki. Nikaangalia mlango, ipo. Buti, ipo. Gari lenyewe Mark X nyeusi, ndiyo kwanza nimekaa nalo miezi 11, halijagongwa wala kupitiwa na bodaboda.

Kesho yake nikampelekea fundi rangi. Aliinama akaliangalia kwa tochi ya simu, hata hakuuliza nimepita wapi. Aliuliza, "Nani analifuta?"

Hapo nikajua jibu kabla sijafungua mdomo. Pale ninapokaa Goba, Dar, kuna mzee wetu wa getini, na kila alfajiri, kabla sijaamka, alikuwa analifuta gari langu kwa fulana kuukuu. Sikuwahi kumwomba. Ni heshima yake tu, anataka nikitoka nikute gari safi. Na barabara ya kutoka kwangu mpaka kwenye lami ni vumbi tupu, maana yake kila asubuhi mzee alikuwa analipiga gari msasa mwembamba, kwa upendo kabisa.

Fundi alinieleza hivi, na nimeona ni vizuri kila mwenye gari alijue. Rangi unayoiona siyo unayoigusa. Juu ya rangi kuna tabaka la uwazi, mafundi wanaliita klia, ndilo linalong'aa. Ni jembamba sana: kwenye magari mengi klia ya kiwandani iko kati ya maikroni 35 na 50, wakati unywele wa mtu unakaribia maikroni 70. Sasa vumbi letu ni mchanga uliosagika, na mchanga ni jiwe linaloweza kukwaruza hata kioo. Klia itaponea wapi? Chembe moja ikibanwa kati ya kitambaa na bonneti inachora mfereji wake. Kwenye gari jeupe mifereji hiyo ipo vilevile, ila huioni, ndiyo maana wenye magari meupe wanadhani wao wanajua kuosha. Jeusi halifichi. Na kama ni Toyota, fungua bonneti utafute kibati kilichoandikwa C/TR. Ukikuta namba 202, hilo ni jeusi ambalo wapiga polishi wanalijua kwa ulaini wake. Langu ni 202.

Kipimo ni ukucha. Pitisha ukucha juu ya mkwaruzo: ukiteleza bila kukwama, mkwaruzo bado uko kwenye klia na polishi itautoa. Ukikwama, umeingia ndani, hapo unaongea habari za kupiga rangi. Yangu yote iliteleza. Fundi akapitisha mashine ya polishi, gari likarudi kuwa kioo, kisha akaniambia maneno yaliyonitia adabu: polishi haijazi mkwaruzo, inaiteremsha klia yote ifike usawa wa mkwaruzo. Kila polishi unakula akiba. Hili gari ni la mkononi, limetoka Japani na miaka yake, sijui huko lilishapigwa polishi mara ngapi. Kwa hiyo nikaamua nitaliosha mwenyewe.

Makosa ya mwanzo niliyafanya yote. Niliosha saa 7 mchana, sabuni ikakaukia mlangoni. Niliosha kwa sponji la njano, lile la bapa, bila kujua kwamba uso wake laini hauna pa kuficha mchanga, unausukuma tu kama reki. Kitambaa kiliniponyoka kikaanguka chini, nikakiokota, nikakisuuza haraka haraka nikaendelea. Yaani kokoto niliziokota mwenyewe.

Leo naanza saa 12 na nusu asubuhi, au jioni jua likishapungua, gari likiwa kivulini na bonneti imepoa. Ukiweka kiganja juu ya bati na ukahisi joto, subiri. Unanyanyua wipa, unafunga vioo, na pete pamoja na saa ya mkononi unaviacha ndani. Mkanda pia, kama una kawaida ya kuegemea mlango unapofikia paa.

Kazi yenyewe iko kwenye maji ya kwanza, na hapa ndipo watu wengi wanapofanya haraka. Kabla mkono haujagusa popote, mwagia gari maji mengi kuanzia paa kushuka, ukikaa zaidi chini ya milango, nyuma ya matairi na kwenye bampa la nyuma, kwa sababu vumbi la barabarani linarukia huko. Mimi namwagia, naacha dakika chache tope lilainike, namwagia tena. Kama una mashine ya presha ni bora zaidi, ila usisogeze mdomo wake karibu. Umbali wa sentimita 30 au zaidi unatosha, na pale rangi ilipoanza kubanduka usielekeze kabisa, utabandua kipande. Kama huna mashine, nunua lile bomba dogo la mkono la kupulizia dawa kwenye bustani, la lita 2. Jipya, tafadhali, siyo lile ulilopulizia dawa ya mchicha. Unaweka maji na shampuu kidogo, unapulizia gari zima, unaliacha lilowe bila kuliacha likauke, kisha unasuuza. Utashangaa uchafu unavyotiririka wenyewe. Mchanga ulioondoka kwa maji hautakwaruza chochote, na ule uliobaki ndio utakaosukumana nao kwa mkono.

Kisha ndoo mbili. Jirani yangu alipoziona alicheka, akaniuliza kama naosha gari au namwogesha mtoto. Ndoo moja ina maji na shampuu ya gari, nyingine ina maji matupu ya kusuuzia. Unachovya glavu kwenye ya shampuu, unaosha sehemu moja, tuseme nusu ya paa, halafu kabla hujarudi kwenye shampuu unaisuuza glavu kwenye maji matupu, unaisugua kwa vidole, unaikamua. Ukimaliza gari lote, angalia chini ya ile ndoo ya kusuuzia. Mara ya kwanza nilikuta mchanga umetulia pale chini, ungejaza kijiko cha chai. Wote huo siku zote nilikuwa naurudisha kwenye ndoo moja na kuupaka tena kwenye milango. Wenzetu wanauza kichujio maalumu cha kuweka chini ya ndoo ili mchanga ukishazama usitibuliwe. Mimi nimegeuza chekeche la plastiki la jikoni, linafanya kazi hiyo hiyo, na mama watoto ameshalisamehe.

Ninaposema glavu namaanisha ile yenye manyoya marefu ya maikrofaiba, yaani nyuzi nyembamba sana, unaivaa mkononi. Manyoya yanaumeza mchanga ndani, unakaa mbali na klia mpaka uusuuze. Dodoki ni la kuogea. Fulana hata iwe ya pamba laini kiasi gani ni bapa, na ina mishono. Na hii tabia ya kwenye sehemu nyingi za kuoshea magari, kitambaa kimoja kimetoka kufuta lori la mchanga sasa kinaingia kwenye gari lako, sina la kuwalaumu sana vijana. Wana foleni na bosi anahesabu magari. Lakini kama lazima upeleke gari huko, waombe wapige presha na povu tu, wasuuze, wasifute. Watakuangalia vibaya. Lipa bei ile ile, ondoka na gari lenye matone.

Unaosha kutoka juu kwenda chini: paa, vioo, bonneti, buti, milango kuanzia juu, mwisho kabisa sehemu za chini na bampa. Mkono usikandamize, uzito wa glavu yenyewe iliyolowa unatosha. Na nenda mistari iliyonyooka, usizungushe duara. Mkwaruzo ukitokea, ulionyooka hauonekani sana kama wa duara. Palipo na wadudu waliogandia baada ya safari ya Dodoma, usisugue. Weka kitambaa kilicholowa shampuu juu yake, kiache dakika kadhaa, wataachia wenyewe.

Matairi na rimu vina ndoo yao, brashi yao na vitambaa vyao, na navianza kabla ya bodi. Vumbi la breki lina chembe za chuma, havichanganywi.

Sabuni nitaongea kwa kifupi. Ya unga hapana: chembe zisizoyeyuka ni mchanga mwingine unaoununua dukani. Ya kuoshea vyombo haikwaruzi, ila inaondoa waksi, na waksi ndiyo utelezi wa gari lako. Shampuu ya gari chupa moja inanichukua miezi mingi, kwa sababu kipimo chake ni kidogo, soma kwenye chupa. Ukizidisha haisafishi zaidi, inakupa tu kazi ya kusuuza.

Kukausha. Nasema ukweli, nadhani nusu ya mikwaruzo ya watu inatokea hapa, wakati gari tayari ni safi na mtu ameshachoka. Kwanza toa kile kichwa cha mpira wa maji, maji yatoke taratibu bila kurushwa, uyapitishe kuanzia paani. Yanashuka kama shuka, yanayavuta na matone. Kinachobaki ni kidogo. Hapo chukua taulo kubwa la maikrofaiba, litandaze juu ya bonneti, lipapase, livute taratibu kuelekea tumbo lako. Usilisokote ukasugua kama unakausha kichwa. Taulo hilo halifuti kitu kingine. Ukilifua, lifue peke yake, maana nguo za pamba zinaliachia nyuzi, na usilitie ile dawa ya kulainisha nguo, inaziba manyoya lisinyonye tena. Likianguka chini, limestaafu siku hiyo.

Usitegemee jua likukaushie, hasa kama maji yako ni ya kisima. Nilikaa Kigamboni miaka miwili, maji yalikuwa na chumvi hata chai ilikuwa inakataa. Tone likikauka juu ya klia maji yanaondoka, madini yanabaki, unapata duara jeupe lisilofutika kwa kitambaa. Ukishalipata, changanya siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, papasa pale kwenye doa gari likiwa limepoa, suuza vizuri. Kwa ya kisima mimi sasa nasuuzia mara ya mwisho kwa maji ya mvua ninayokinga kwenye pipa wakati wa masika. Yakiisha, naosha sehemu ndogo ndogo na kukausha hapo hapo.

Ilibaki kazi ngumu kuliko zote, kuongea na mzee wa getini. Unamwambiaje mtu aache wema? Nilimwendea jioni na kahawa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, baba. Leo umewahi."

"Mzee, nina jambo, naomba usilione kama nakukosoa. Lile gari asubuhi tuliache tu na vumbi lake."

Akanyamaza. "Lisifutwe?"

"Lisifutwe kavu. Vumbi peke yake halina shida, linakaa tu. Shida ni kulisukuma."

"Sasa watu watasema mlinzi mvivu, gari la bosi lina vumbi hadi mchana."

Nikamwonyesha picha ya bonneti niliyopiga kwa fundi, kabla ya polishi. Aliishika simu muda mrefu, akaisogeza mbali kidogo na macho. Akasema, "Hii ni mimi?" Nikamwambia ni sisi wote, na vijana wa kuosha, na mimi na sponji langu la njano. Tukakubaliana kwamba akitaka kulisafisha achukue mpira alimwagie maji tu, mkono usiguse. "Kwa hiyo ni kumwagilia," akasema, "kama mchicha." Ndivyo.

Jambo moja tu tulilibakiza la dharura: kunguru. Dar mnawajua. Kinyesi cha ndege kina asidi, na kikikaa juani kinakula klia ndani ya siku moja au mbili, kinaacha alama ambayo kuosha hakuitoi. Hicho hakisubiri Jumamosi, lakini pia hakifutwi kavu, maana kina mbegu na vijiwe ndani. Nilimwachia mzee chupa ya maji na vitambaa vitatu vya maikrofaiba kwenye kibanda chake. Juzi nikiwa kazini, nimeenda kwa daladala siku hiyo, alinipigia simu. Kunguru kafanya yake katikati ya bonneti. Nikaanza kumweleza, akanikata. "Nimeshaweka kitambaa chenye maji juu yake, kimelala," akasema. "Nasubiri kilainike, halafu nitakinyanyua, sitasugua. Nimekupigia tu ujue kwamba kile kitambaa sikirudishi kwenye vile viwili vingine."