Moshi mweupe kwenye ekzosi: fundi anasema ninunue injini

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Premio ya petroli, injini 1ZZ, naishi Makambako. Tangu baridi ianze mwezi wa sita kila nikiwasha asubuhi inatoa moshi mweupe mwingi, mwanzoni ulikuwa unaisha ila siku hizi nafika kazini bado unatoka. Kuna siku ikiwaka inatetemeka kwanza ndo itulie. Maji ya rejeta naongeza karibu lita kila wiki na sioni yanapovujia. Fundi kaangalia moshi tu akasema ringi zimekwisha, ninunue injini ya mtumba. Nifanyeje? (Mama Junior, Makambako)

JIBU: Marahaba mwanangu. Injini usinunue kwanza, tena hiyo hela ifiche kabisa. Ringi, zile pete za pistoni, zikichoka gari inaunguza oil, moshi unakuwa wa bluubluu wenye harufu ya oil iliyoungua na kinachopungua ni oil kwenye geji. Najua kwa nini fundi amekimbilia huko, 1ZZ za mwanzo zinajulikana kwa kula oil, lakini wewe unaongeza maji, sasa ringi zinahusikaje na maji?

Moshi mweupe wa asubuhi peke yake sio ugonjwa. Petroli ikiungua inatoa mvuke wa maji, na kwa baridi ya huko kwenu lazima uonekane, hata matone yanadondoka kwenye bomba, ekzosi ikishapata moto unapotea. Wa kwako haupotei na maji yanapungua, kwa hiyo mimi nashuku gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya hedi (kichwa cha injini) na bloku. Hata hako katetemeko kanaelekea hukohuko: ukizima gari ikiwa ya moto rejeta bado ina presha, presha ile inasukuma maji kidogokidogo yanapenya mpaka ndani ya silinda, asubuhi silinda hiyo inamisi (haiunguzi vizuri) mpaka maji yatoke yote.

Hakikisha hivi. Asubuhi injini ikiwa imepoa kabisa (ya moto usiguse mfuniko wa rejeta, nakuomba, watu wameungua uso) fungua rejeta, jaza maji, washa gari mfuniko ukiwa wazi halafu mtu apige resi taratibu. Mapovu yakija mfululizo bila kukoma, gesi ya kwenye silinda inaingia kwenye maji. Zima, ikipoa rudishia mfuniko, washa tena ushike hozi ya juu ya rejeta, ikikaza ngumu injini bado haijapata moto ni hilohilo. Kisha fundi atoe plagi zote nne azipange kwa mpangilio wa silinda, ile iliyolowa au iliyooshwa nyeupe kuliko wenzake ndo inaonyesha silinda yenye shida. Chomoa na geji ya oil, ukikuta oil imekuwa kama chai ya maziwa usiwashe tena, vutisha gari. Oil ikiwa safi pia usishangilie, gasketi inaweza kuungua upande wa maji na silinda tu bila kugusa njia ya oil. Gereji nyingine wana kile kipimo cha maji ya bluu kinachowekwa mdomoni mwa rejeta, yakigeuka njano huna haja ya kubishana na mtu.

Ikithibitika, hedi ishuke, na hapa msimamie fundi wako maana ndo wengi wanaharibu. Hedi ya 1ZZ ni aluminiamu, gari ikichemsha inapinda, kwa hiyo ipelekwe kwenye mashine ipimwe na rula na fila (vile vipande vyembamba vya kupimia mwanya), ipimwe ufa, ikipinda iskimiwe, yaani ichongwe uso uwe sawa. Boliti zibadilishwe au zipimwe urefu, zikazwe kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) na sio kwa nguvu za mkono. Akikwambia tuweke gasketi mpya tu, kataa, utarudi palepale. Na kama gari iliwahi kuchemsha, muulize kwa nini: feni haiwaki, themostati ilitolewa, au unatumia maji ya bomba bila kulanti (dawa ya maji ya rejeta)? Dawa za kuziba za kumwaga kwenye rejeta achana nazo, zinaziba mpaka mirija ya hita.

Kwa sasa usiiendeshe. Maji hayabanwi, silinda ikijaa asubuhi moja ukapiga stata, koni rodi (mkono unaoshika pistoni) inapinda, hapo ndo utahitaji injini kweli.

SWALI: Fundi, niko na Hiace ya dizeli huku Limuru. Asubuhi inasumbua kuwaka na inatoa moshi mweupe wa kuwasha macho, ikipata moto inaisha. Maji haipungui. Pia ni gasketi? (Dereva, Limuru)

JIBU: Hapana kaka, huo ni dizeli ambayo haijaungua, ndo maana macho yanawasha. Anza na hita plagi, zile za kupasha moto silinda wakati wa kuwasha: toa ule ukanda unaoziunganisha, pima moja moja kwa mita, nzima inasoma omu moja hivi, iliyokufa haisomi kitu. Angalia na rilei yake (swichi ya umeme) kama inapeleka umeme. Zote zikiwa nzima ndo upeleke noza (zinazonyunyiza dizeli) zikapimwe, kisha taimingi ya pampu, yaani wakati inapopiga dizeli. Kupima kompresheni (mbano wa hewa ndani ya silinda) iwe ya mwisho.